Jicho la Kulia

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanataka kuhama? Mimi mzima, nina nguvu za kuwashinda wanao wote kwa pamoja. Nitaandika kidogo tu, maana kalamu inanichosha kuliko nyundo.

Jicho la kushoto limepona, mtoto wa jicho ametolewa. Nilikwenda kwa daktari ili unyamaze, si kwamba nilikuwa sioni. Hilo ulijue.

Sasa habari za kazini. Pale maabara tunabana chembe ya jiwe, ndogo kama punje ya mchele, kati ya vyuma viwili, huku tunaichoma, tujue ikibanwa hivyo inayeyuka kwa joto gani. Mimi nachungulia kwenye tundu la kioo, naona rangi ya moto, nataja joto lake. Miaka thelathini na moja sijakosea, ndiyo maana wananiita Mzee Moto.

Mwaka huu akaja binti mmoja mtafiti na waya wake wa kupimia joto. Waya ukasema digrii elfu moja mia nne. Nikachungulia, nikaona njano, nikamwambia mbele ya watu kwamba hiyo ni elfu moja mia mbili, waya wake unaumwa. Akarudia mara tatu, mara tatu nikamcheka. Mkuu wetu akaniamini mimi. Akamwambia binti vipimo vyake vya miezi minane havifai, Ijumaa afungashe.

Alhamisi nikarudi kutoka hospitali. Nikachungulia kwa jicho jipya: moto mweupe, elfu moja mia nne kabisa. Kwa la zamani: njano kama kiini cha yai. Nikafuta kioo. Nikafuta tena. Nikamtukana daktari kwamba kaniharibia jicho. Kisha nikatazama shati langu, lile uliloniletea, nikakugombeza kwamba umeninunulia la njano. Dada, ni jeupe.

Nikakaa juu ya ndoo. Saa ya chai, watu wakiwa palepale nilipomchekea, nikasimama nikasema waya ni mzima, mgonjwa ni mimi. Mkuu akamwambia binti afungue mizigo yake.

Nilingoja binti anitukane. Yeye akauliza kama jicho la kulia bado halijatibiwa. Anasema vipimo nilivyotaja miaka hii ya karibuni vitasahihishwa, tukijua jicho hili linapunguza kiasi gani. Basi kila asubuhi nafumba jicho lililopona, nachungulia kwa hili bovu, nataja joto, naye anaandika langu kando ya la waya.

Ndiyo maana Jumatatu daktari aliponiita kwa jicho la pili, sikwenda. Nilimdanganya kwamba nina homa. Usinifokee, dada. Miezi minane ya mtoto wa watu niliitupa kwa kicheko. Wiki tatu za jicho bovu si kitu. Binti akimaliza, njoo unishike mkono unipeleke mwenyewe. Sitabisha. Labda kidogo.

Wasalimie wote hapo, na shemeji alale kwa ubavu. Shati nimelivaa leo.

Ni mimi mdogo wako mbishi,
Mzee Moto