Mashine ya Oksijeni Aliyoigeuza Ombok

Pam, Ombok amerudi kutoka kazini Nyamira na hataki nifunge mlango hata mmoja

Yeye na mwenzake wa kazi Jeconia walikuwa stoo ya mitungi ya gesi, wanarekebisha mashine ya kupima oksijeni. Ukiipa hewa ya kawaida, inafaa isome karibu asilimia ishirini na moja

Ikasoma kumi na nane. Ombok akasema imeharibika, akageuza skrubu mpaka ikasema ishirini na moja. Ikashuka tena. Akageuza tena. Pam, mara mbili

Jeconia akakaa chini, akasema, "Nasikia usingizi tu."

Ombok akatoka nayo kumwonyesha fundi mkuu. Huko nje namba ikapanda, ikapita ishirini na saba. Hapo ndipo akaelewa

Mashine ilikuwa sawa. Mtungi wa naitrojeni ulikuwa unavuja ndani ya stoo na kusukuma oksijeni nje, na hiyo gesi haina harufu

Akabana pumzi, akarudi, akamburuta Jeconia hadi uwanjani. Yuko hai

Lakini Jeconia alipofungua macho alimwambia, "Mbona umenitoa? Nilikuwa nasikia raha."

Ombok ameketi hapa kizingitini. Hayo maneno ndiyo anayoyarudia tu