Mkono wa Nyangeta

Jumanne, 6 Machi 1984
Nimetwanga muhogo, nimemwogesha Nyangeta kwa majani ya mpapai. Sabuni dukani hakuna tena. Amekwenda shule mbio. Hasikii hata radi, lakini kengele haijawahi kumwacha: wenzake wakikimbia, naye anakimbia. Wakifungua madaftari, naye anafungua. Ndivyo alivyofika darasa la pili.
Naitwa shuleni Alhamisi. Tena. Sipendi.

Alhamisi, 8 Machi
Wamenipa chai. Ina sukari! Kijiji kizima cha Guta tumesahau sukari ikoje, halafu mimi, mama wa kiziwi, natiliwa vijiko viwili. Nikajua hapa kuna jambo. Chai nilikunywa yote, mimi si mjinga.
Mwalimu Mkuu alikuwa mpole mno. "Mama Nyangeta, sisi huyu mtoto tunampendaga. Ila hapa anakaaga tu. Kuna shule ya viziwi, nafasi ipo." Wazazi wataamua mkutanoni Jumatano. Jumatano ni gulio, na wanajua nauza dagaa. Nisipofika watasema nimekubali. Washenzi.

Jumamosi, 10 Machi
Mwalimu Veronika amekuja, yule wa darasa la Nyangeta. Eti kusalimia. Hajawahi kunisalimia tangu ahamie hapa. Kajikalia jikoni kwangu, macho kwenye mikono ya mtoto. Akitaka maji anafanyaje? Akitaka kwenda shule je? Akikataa kitu? Nimemjibu kwa mkato. Huyu katumwa. Anakusanya ya kwenda kusema kwamba mwanangu hajui kitu.
Kaondoka anarudiarudia zile ishara njiani. Anatucheka.

Jumatatu, 12 Machi
Bunda, ofisi ya elimu. Nimepanda lori la magunia, mgongo hauna hali. Karani kaingia ndani kuuliza, karudi: hakuna aliyemwombea mtoto wa Guta nafasi yoyote. Na ile shule ya viziwi imejaa.
Kwa hiyo hawampeleki popote. Wanamtoa tu. Atakaa nyumbani na mbuzi mpaka azeeke.
Ningemwambia baba yake, lakini yuko Buhemba anatafuta dhahabu ambayo hata yeye hajaiona. Niko peke yangu. Naogopa.

Jumatano, 14 Machi
Dagaa nimemwachia wifi. Nimekwenda na Nyangeta, nikamkalisha mbele kabisa, wamwone wanayemfukuza.
Nilisema ya Bunda. Mwalimu Mkuu hakushtuka. Eti nafasi itaombwa baadaye, wazazi waamue kwanza. Mwenyekiti akasema wanaokubali mtoto aondoke wanyooshe mikono. Ikapanda. Mingi. Hata wa jirani yangu niliyemgawia chumvi juzi.
Nyangeta akageuka, akaona mikono ya watu. Akanyoosha wake. Juu kabisa, anatabasamu, kama darasani.
Kuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu akasema, "Si mnaona? Hata mwenyewe amekubali."
Nilitaka kusema.
Mwalimu Veronika akainuka kwenye benchi la walimu. Nikasema moyoni, haya, sasa anammaliza. Akapiga magoti mbele ya mwanangu, akaanza kuongea kwa mikono. Ishara zetu. Zile za jikoni kwangu, moja baada ya nyingine, taratibu. Shule. Wewe. Usije tena. Unataka?
Mkono wa Nyangeta ukashuka. Akafanya ishara yake ya kukataa, ile ya kusukuma bakuli. Akasukuma, akasukuma tena, akaanza kulia kwa ile sauti yake ambayo watu huwa hawapendi kuisikia.
Wakaisikia. Mikono ikashuka mmoja mmoja, wa jirani kwanza. Mwenyekiti alipouliza tena haikubaki ya kutosha. Nyangeta anabaki.
Sikumshukuru mwalimu. Nilishindwa hata kumwangalia.

Ijumaa, 16 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Mwalimu Mkuu kanisalimia njiani kwa bashasha kubwa. Simwamini hata chembe.
Jioni nimemfundisha Nyangeta: kabla hujanyoosha mkono, niangalie usoni kwanza. Kaelewa upesi. Halafu akaniuliza kwa mikono, shuleni je? Mama hayupo.
Nikawaza kidogo. Nikamfanyia ishara yake ya Mwalimu Veronika, kidole kinachoandika hewani. Mwangalie huyu.
Kesho nitampelekea mwalimu dagaa. Nimeshawachambua mchanga.