Waya Kwenye Mubariti wa Mzee Mutwiri

Ruiri, Jumatatu jioni

Kwako Baba,

Hamjambo huko Mbeere? Goti linaendeleaje, na je, umeacha kupanda mitini kuangalia mizinga kama Mama alivyokukataza? Najua hujaacha. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba uyasome peke yako kwanza kabla hujamsomea Mama, maana kuna mahali nimekutia aibu.

Barua yako niliipata kwa yule dereva wa ndengu, pamoja na chupa ya asali. Hiyo asali nitaieleza. Kwanza niyajibu yale maneno yako makali, kwamba kila Jumamosi saa kumi unakaa na redio yako kunisikiliza, unanisikia nikiita, watu wananijibu vizuri na mimi nawapita kama sijawaona, na siku hizi nina kiburi gani. Baba, nilikasirika. Nilisema moyoni, redio ya mzee imechoka, anachanganya stesheni. Kwa sababu mimi mwezi mzima nilikuwa sisikii mtu. Nawasha redio yangu ya kuongea na watu wa mbali, naita, nangoja, na kinachorudi ni mvumo tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Unajua nilivyojipanga hapa. Paneli ya sola iko juu ya bati, betri chini ya meza ninayosahihishia madaftari, redio juu yake. Waya wa antena unatoka kwenye paa langu mpaka kwenye mubariti mrefu wa jirani, Mzee Mutwiri. Nilipohamia kufundisha hapa aliniruhusu bila maneno mengi, akasema tu usimnyonge ng'ombe wake. Mti mwingine wa maana hakuna, huku ni vichaka vya kufika kiunoni. Waya ukitolewa pale mubariti, sauti yangu haikufikii tena, tubaki na simu ambayo wewe unasema ni ya kuulizana "uko wapi" na kukata.

Sasa sikia. Mzee Mutwiri anaangua vifaranga kwa mashine. Mayai yake ya kwanza yaliharibika karibu yote, na mkewe, Mama Kathure, akawaambia wanawake kwenye mfereji wa maji kwamba ni waya wa mwalimu unaopika mayai ndani ya ganda. Aliyeniletea habari ni yule mama wa maziwa, na hakunipunguzia hata neno. Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia. Nikipita, Mama Kathure ananyamaza. Nikisalimia, anajibu akiangalia kuku. Akianika blanketi, analianika kwenye ua, sawasawa na dirisha langu! Nikajiambia, huyu mama ana jambo.

Halafu wakanunua mashine mpya ya kuangulia, na wiki hiyo hiyo mvumo ukaanza. Si unaona? Nikasema, aha, wamenitafutia dawa. Nikafungua daftari nikaandika kama askari: leo baada ya shule, mvumo. Kesho, mvumo. Jumamosi saa kumi, mvumo mkali. Usiku sikuandika kitu kwa sababu usiku siwashi redio, nahifadhi betri vile ulivyonifundisha. Na ile regulata mpya niliyokuandikia nikijisifu, kale kasanduku kanakopimia betri umeme wa paneli, nilikanunua Kinoru wiki hiyo hiyo pia. Hilo sikuliandika. Nani hujishuku mwenyewe?

Jumamosi iliyotangulia hii ya juzi, barua yako ikiwa mfukoni, uvumilivu ukanishinda. Nikavuka mpaka kwa Mzee Mutwiri. Nikakuta chama chao kimekutana pale uani, watu na vikombe vyao vya chai. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikasimama katikati yao nikasema, "Mzee, zimeni hiyo mashine mliyoniwekea. Nimewachoka."

Mzee Mutwiri ni mzee wa kanisa, Baba, hata ng'ombe hamfokei. Akaweka kikombe chini.

"Muga, mwalimu," akanisalimia kwanza, ili nijue sikuwa nimesalimia. "Mashine yangu imekukosea nini?"

Nikamweleza mvumo. Nikafungua daftari nikamsomea. Mama Kathure akapiga makofi, "Ngai! Kumbe tunaandikwa!"

Mzee akasema, "Mayai yana siku kumi na tatu humo ndani. Hayapendi baridi. Lakini nitazima. Nenda ukasikilize, halafu urudi uniambie mbele ya hawa hawa."

Akazima. Nikakimbia kwangu, nikavaa visikilizi. Mvumo uko pale pale! Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria amewasha tena nilipogeuka. Nikarudi mbio. Mashine imezimwa, taa yake nyekundu haiwaki, Mama Kathure ameifunika kwa lile blanketi la uani na ameweka mikono yote miwili juu yake kama anashika mtoto mwenye homa. Hata hapo, haki ya Mungu, sikuamini. Nikasema kwa sauti, "Basi mna nyingine mmeificha." Nikarudi kusikiliza, dakika zinaenda, mayai yanapoa, na mimi nimekunja uso nikitafuta mwizi.

Ndipo wingu likapita mbele ya jua. Nyumba ikaingia kivuli kidogo, na mvumo ukakatika. Puh, kimya. Na ndani ya kile kimya nikasikia sauti ya yule mzee wa Nakuru ninayeongea naye hewani Jumamosi, safi kabisa: "Mwalimu wa Ruiri, mwalimu wa Ruiri, leo pia hutusikii?" Kabla sijashika kipaza sauti nimjibu, jua likatoka na mvumo ukarudi. Nikaangalia juu kwenye paneli. Nikaangalia chini kwenye kale kasanduku ka Kinoru. Nikachomoa waya wa paneli kwa mkono wangu, na redio ikanyamaza kama kanisa. Kumbe wewe ulikuwa unasikia vizuri kule. Walikuwa wananijibu wiki zote hizo, na kilichowafunika kilikuwa chini ya meza yangu mwenyewe.

Baba, nilifikiria kunyamaza. Ningesema mvumo umeisha, asante, wabaki wakijiona na hatia. Nilikaa nikafikiria hivyo, sikufichi. Halafu nikakumbuka ile mikono juu ya blanketi. Nikachukua chupa yako ya asali, maana huku huendi kuomba msamaha mikono mitupu, nikavuka.

"Washeni mashine," nikasema. "Kosa ni langu. Ni sola yangu inayopiga kelele."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mama Kathure akaipokea asali, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua, akauliza, "Na mayai?"

Mzee Mutwiri akafikiri, akasema, "Siku ya ishirini na moja ni Jumapili ya wiki ijayo. Yakianguliwa, waya wako utakaa. Yakifa, utapanda mubariti uutoe, na tutasalimiana kanisani tu."

Siku nane hizo sijui nilifundisha nini. Jumamosi sikuwasha redio, sikuona ni haki. Najua ulikaa ukingoja, nisamehe.

Jana baada ya kanisa Mzee akaniita. Tukakaa mbele ya mashine, sisi watatu. Saa sita, hakuna kitu. Saa saba, hakuna. Mama Kathure haniangalii, mimi naangalia mubariti nikipima nitaupandaje na sketi. Kisha Mama Kathure akafungua kifuniko haraka, akatoa yai moja, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na joto.

"Wewe si ndiye wa kusikiliza?" akasema. "Haya, sikiliza."

Nikaliweka sikioni. Mwanzoni nilisikia damu yangu tu. Halafu, tk. Kimya. Tk, tk. Baba, nililia pale pale, mtu mzima, mwalimu wa fizikia, na yai sikioni. Mama Kathure akaninyang'anya akalirudisha ndani, akasema litapata baridi kwa kilio changu. Kufikia jioni vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mashine mpaka tukashindwa kuzungumza. Mayai machache hayakuanguliwa, na Mzee akasema machache hukataa hata chini ya kuku. Mama Kathure akashusha ile chupa, akaifungua, akatutia asali kwenye chai. Anauliza kama unauza.

Nisalimie Mama, na umwambie mawele yake bado ninayo. Nisalimie kaka Njeru, na shemeji aliyejifungua, na nyanya, ambaye nakuomba usimweleze habari za kilio. Mjomba anayekusaidia mizinga mwambie apande yeye, wewe ushike ngazi.

Jumamosi saa kumi washa redio. Paneli nitaichomoa kwanza. Yule mzee wa Nakuru akiniita, keti hapo usikilize kama nitampita.

Ni mimi binti yako mwenye daftari,
Wawira