Tarehe Niliyoiandika Upya Ukutani

Mpendwa Mama Dominique,

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu hukauka mbele ya watu, hata shuleni, nilikomaliza mwaka huu, nilikuwa najibu vizuri kwenye karatasi tu. Tunakaa katika jengo la zamani la ghorofa nne, katikati ya mji, familia kumi na mbili, kila moja na nyumba yake, na baba yangu ndiye mwenyekiti wa wenye nyumba. Mwezi uliopita injinia alikuja kukagua jengo, akaona ufa mrefu kwenye ukuta wa ngazi, akabandika juu yake kipande cha plasta ya jasi, akaandika tarehe, akasema atarudi mwisho wa mwezi huu, nami sikuuliza plasta ile ni ya nini.

Wiki mbili baadaye wakwe wa dada yangu Dorine walikuwa wanaleta mahari, tukaosha ngazi zote, na mama akaona ile plasta imepasuka katikati, akaniambia, "Bantu ba buko beko njiani, na ile kintu ya kupasuka tuiache tu pale? Tengeneza, mama." Basi nikaibandua, nikakoroga plasta mpya, nikaibandika vizuri kuliko injinia, na kwa kuwa nilitaka iwe kama alivyoiacha nikaandika tarehe ileile, kwa mwandiko wangu mzuri, nikafurahi.

Jumapili, kwenye mkutano wa wenye nyumba, ndipo baba alipoeleza kwamba plasta ikipasuka, maana yake ukuta bado unasogea, na itabidi ngazi zitegemezwe kwa vyuma na watu wa juu wahame mpaka zitengenezwe. Akaimulika ile plasta yangu kwa simu: "Muliona? Iko muzima! Nyumba yetu iko na nguvu!" Mama Rehema wa ghorofa ya nne akapiga makofi: "Alhamdulillahi! Nilikuwa nishaanza kufunga bintu. Basi mutaendelea kusikia arufu ya samaki yangu!" Wote wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo kila nikisikia watoto wake wanashuka wakikimbia nahesabu hatua zao mpaka wafike chini. Vipande vya zamani bado ninavyo, kwenye kopo la maziwa. Nikisema, namwaibisha mama, na baba mbele ya watu wote, na Mama Rehema atahama kwa ajili yangu. Nifanye nini?

Mwenye haya, Lubumbashi

Binti yangu,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote zilizo mezani, kwa hiyo nawe usingoje mwisho wa mwezi. Ulipoishika ile plasta hukujua. Ulikuwa unatayarisha nyumba kwa wageni kama ulivyolelewa. Kosa lako lilianza Jumapili, ulipocheka na wengine. Unahesabu hatua za watoto wa jirani, halafu unaniuliza kama useme?

Na acha kusema Mama Rehema atahama kwa ajili yako. Ukuta ndio utakaomhamisha. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitatu kwa mdogo wangu kule Katuba, huku balkoni ya nyumba yetu ikitegemezwa kwa vyuma. Tulilalamika, tukagombania bafu, tukarudi. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa kwenye balkoni hiyohiyo. Ninyi injinia mnaye tayari. Anachokosa ni ukweli tu.

Mdomo ukikauka, tumia mkono. Mwandikie baba yako yote kama ulivyoniandikia mimi, bila kumtupia mama lawama. Mpe leo, mkiwa wawili, usimame palepale mpaka amalize kusoma. Atapandisha sauti, mwache, itashuka. Kisha ampigie injinia simu ukiwepo, amuulize kama ngazi zinapitika leo au la. Kopo la maziwa mpeni kama lilivyo, usioshe wala usiunganishe kitu. Na plasta yako ya ukutani usiiguse tena, hata wakija wakwe kumi.

Umesema una mwandiko mzuri. Basi juu kabisa ya karatasi hiyo, andika tarehe ya leo.