Tazama Uso Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mgongo umepoa na baridi ya huko imekuzoea. Sisi tu wazima. Binti yako Chiriku ameng'oka jino la mbele, na kila akitamka "s" anapiga mluzi bila kukusudia.

Uliniomba nimfunze huyu Chiriku wako kukaa na watu kabla hujaja kumchukua. Nimefunza, dada, na nimefunzwa. Juzijuzi alikutana na jirani yetu mshonaji kwenye ngazi, mjamzito aliyekaribia kujifungua, akamuuliza amekula nini hata akavimba vile. Nikamvuta pembeni, nikamweleza kwamba tumbo la namna ile lina mtoto ndani, na mtu mwenye adabu husema hongera. Akaelewa. Jioni tukaingia dukani, akakiona kitambi cha mzee mwenye duka kimeegemea mizani, akampa hongera na kumuuliza atajifungua lini. Wateja walishika mbavu. Mzee mwenyewe akajibu kwamba anangoja mapacha, ila baba yao amekimbia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Unanijua, hata unyoya kwangu una uzito wa jiwe. Nilifikiri sana, kisha nikampa kanuni moja: kabla ya kufungua kinywa, mtazame mtu usoni. Uso uking'aa, sema hongera, ukisinyaa, sema pole, usipouelewa, nyamaza. Tukafanya mazoezi mbele ya kioo, mimi nikinuna na kuchekacheka kama mwehu, yeye akinisahihisha.

Nilikuwa na haraka. Fundi wa miwani, yule jirani wa famasi ninakofanyia kazi ambaye hachoki kuninyooshea fremu isiyopinda, alikuwa anamleta mama yake Jumapili. Nilihofia mama huyo angepima malezi yetu kwa ulimi wa Chiriku, na aibu ingekuwa yangu.

Wakaja. Chiriku akapokea mkoba kwa mikono miwili, akasalimia, akatulia kama maji ya mtungi. Nikaanza kuvimba kichwa. Ndipo mama akatua kikombe, akasema kijana wake anaona haya kusema mwenyewe, basi anauliza yeye: je, nitakubali kuolewa naye? Chiriku akageuka, akanichunguza uso taratibu, akanishika mkono na kuniambia pole sana, mama mdogo.

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa juu chini. Mama yake akacheka hadi machozi, akasema mtoto ameona mbali, maana kijana wake hukoroma kama mashine ya kusaga. Chiriku kuyaona machozi, naye akampa pole.

Sasa nikwambie la moyoni. Mtoto hakukosea. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, si kwa kutompenda, bali kwa woga. Nilishajiaminisha kwamba Chiriku akiondoka nitarudi kwenye kimya changu, na kwamba mtu wa kimya kama mimi hafai kuishi na mwenzake. Sikumwambia yeyote, hata wewe. Lakini katikati ya kicheko kile nilisikia mtu akicheka kuwashinda wote, kumbe ni mimi. Nikakubali hapo hapo, dada, kabla ya kukuomba ruhusa. Kwa hiyo ukija kumchukua mmoja, jiandae kumwoza mwingine.

Msalimie shemeji. Mama mkwe naye anakusalimu, na anakusihi Chiriku asiongezewe adabu yoyote mpaka harusi ipite.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mdogo wa Chiriku