Bi Muzna Alipotoka Jumbani

Seiyun, Hadhramauti,
16 Rajabu 1387.

Mpendwa kaka yangu Karama,

Assalamu alaikum. Huko Surabaya mu wazima? Mgongo wa wifi Aluya umepoa? Sisi afya tunayo, ila usingizi umetuhama.

Redio imeshakwambia, lakini redio haina jicho la ndugu. Utawala wa Al Kathiri umekwisha. Wale ambao babu alitusimulia walivyoshika nchi kuanzia Dhofar hadi pwani yetu, kisha wakanyang'anywa bandari, wakabaki na bonde letu hili, wameondoka asubuhi moja kabla kahawa haijachemka. Sultani mwenyewe alikuwa safarini. Nasikia kazuiwa kurudi.

Vijana wa ukombozi waliingia na magari, hata risasi haikulia. Aliyewakabili ni shemeji yako Bakhit peke yake, mlinzi wa sultani, na bunduki yake, mlangoni pa jumba. Na aliyetumwa kumwondoa, kaka, ni mwanetu Yuslim. Nilikuwa nimempelekea Bakhit mkate, nikaganda ukutani.

"Baba, fungua. Mambo yamekwisha."

"Yamekwisha kwako. Mimi niliapa."

"Uliapa kwa mtu ambaye hayupo!"

"Na wewe umemwapia nani, mpumbavu? Hilo gari?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Yuslim, mzee kakuweza!" Nikaona uso wa mwanangu umebadilika, mkono unaelekea kwenye bastola.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa ndani. Akatoka Bi Muzna, mkongwe wa ukoo wa sultani, aliyekataa kuondoka na wenzake. Kajifunika gubigubi, kashika kifurushi.

"Bakhit, weka bunduki chini. Mtoto asije akamuua baba yake kwa ajili ya kuta zetu za udongo."

Bakhit akaiweka, akalia mbele za watu.

Nilimchukua bibi nikaenda naye kwangu, maana wengine wote walitazama pembeni. Sasa majirani hutuchokoza, "Mmeanza kufuga ufalme?" Gari likipunguza mwendo nje, nakwenda kuchungulia dirishani. Bakhit hatulii, anaingia, anatoka, ukimuuliza anatafuta nini, hajui.

Juzi Yuslim alikuja. Nikadhani kaja kumkamata bibi. Bi Muzna akamkaribisha, akamsogezea tende.

"Mwanangu, nyie mtatawala hadi lini?"

"Daima, bibi. Sisi ndio wananchi."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Nasi tulisema daima. Kula, mwanangu."

Yuslim alikula, ameinamisha kichwa. Alipotoka akaninong'oneza: "Mama, huyu asikae hapa. Wenzangu watakuja, nami sitaweza kuwazuia."

Kwa hiyo, kaka, waandikie jamaa zetu wa Jidda wampokee. Barua hii naitia mkononi mwa msafiri ninayemwamini, ukishaisoma, ichome.

Wameondoka alfajiri ya leo kuelekea mpakani, kwa gari lile lile la ukombozi. Bibi kalazwa nyuma, katikati ya magunia ya tende, Bakhit kaketi mbele, na Yuslim ndiye dereva. Baba na mwana walikuwa hawajasemezana tangu siku ile ya mlangoni. Gari lilipoanza kuondoka nikamsikia Bakhit: "Polepole kwenye mashimo, bibi mifupa yake ni mikongwe."

"Ndiyo, baba," Yuslim akajibu.

Nisalimie wifi na wanao, Awadh na mdogo wake Thuraya. Mungu awafunike kwa sitara yake, nasi atukutanishe tungali hai.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Saluma