Ndoo Chini ya Kawa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechuja tena maji ya ndoo yangu ya kuvu. Vumbi la mbao nililoilisha limekuwa jeupe, linameguka kwa vidole. Kuvu niliyobandua kwenye nguzo ya choo inafanya kazi yake: inamwaga vimeng'enya nje, vinavunja ugumu wa mti, ndipo inyonye. Rangi ya ukindu niliyodondoshea kwenye maji yake jana imepauka. Kwenye maji niliyoyachemsha kwanza, nyekundu vilevile. Moto unaviua.

Nikifaulu, rangi wanayomwaga wasukaji wa mikeka haitaingia tena kisimani. Ndoo nimeiacha kibarazani, nimeifunika kawa la chakula. Nzi wengi.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, kaloweka ukindu wake mwekundu kwenye ndoo yangu. Nyumba hii kilichofunikwa kawa kiko tayari kutumika. Nilijua. Mkeka ni wa harusi ya bintiye Zuhura, Ijumaa. Ulibaki pindo tu. Sasa ukindu wa pindo una rangi ya chai ya maziwa.

Analaumu muuza rangi. Sijamwambia ni maji yangu ya kuvu. Najichukia.

Jumatano, 6 Agosti

Darasani nimefundisha bila kukaa kitini hata mara moja. Bi Mwanahawa kaenda sokoni, kamtolea muuza rangi maneno makali. Karudi na rangi mpya. Anataka kuchovya kwenye maji ya uvuguvugu tu, maana ukindu ukichemshwa mara ya pili hukatika.

Vimeng'enya bado vimo kwenye ukindu. Vitaila na hiyo. Nikimwambia achemshe, atauliza kwa nini.

Jioni nimemwambia yote. Aliendelea kuchambua ukindu. Kisha: "Mwalimu, umeniacha nikamtukane mtu bure?"

Tumechemsha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kanipeleka sokoni nimwombe radhi muuza rangi mbele ya wateja. Aibu.

Ukindu mwingine umekatika. Uliobaki unatosha, kwa shida. Nimeugusa mara ngapi sijui. Rangi ipo. Naogopa kufurahi. Kaniambia nisuke naye. Mikono yangu ya Njombe haijui. Kanifumulia, kasuka mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Mkeka umetandikwa chumbani kwa Zuhura. Pindo jekundu. Nilibaki mlangoni nikilikagua kona hadi kona. Bi Mwanahawa akagonga mkeka kwa kiganja, pembeni yake.

"Kaa, mwalimu. Rangi haikimbii."

Nikakaa.

Baadaye nilitoka uani. Ndoo yangu ipo. Badala ya kawa, Bi Mwanahawa kaifunika bati, juu kaweka jiwe.